Ameniacha, lakini cheti cha talaka sina

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Mume wangu aliniacha talaka moja miaka mitatu iliyopita, mbele ya ami yangu na bwana mmoja jirani yetu. Aliiandika kwenye karatasi ya daftari, akaondoka nayo, wala hakunirejea. Sasa yuko Qatar na hapokei simu zangu. Nimepata mposaji, lakini imamu wetu amekataa kufungisha nikaha mpaka nilete cheti kutoka kwa kadhi. Je, bila cheti mimi bado ni mke wa mtu? Eda nitaianza upya siku nitakayokipata? Na dada wa mposaji anataka ayasome makaratasi yangu, ajue niliachwa kwa nini. Ana haki hiyo?

JIBU: Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi.

Talaka hupita kwa tamko la mume. Karatasi haiitii nguvu, na kukosekana kwake hakuiondoi. Hata mashahidi, kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi na wengi wengineo, ni jambo lililosuniwa, si sharti. Basi ikiwa mambo ni kama ulivyoeleza, uliachika siku ile ile, na eda ikaanza kuhesabiwa siku ile ile: tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, kwa mwenye kupata damu yake ya mwezi, na kwa mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Hiyo imekwisha kitambo. Siku ya kuandikiwa cheti haikuanzishii eda nyingine. Nalikaza neno hili kwa sababu nimewaona wanawake wakikaa eda mara mbili, na wengine wakiambiwa na mawakala wa mtaani kwamba eda huanza pale muhuri unapogongwa. Si kweli.

Hata hivyo imamu wako hakukosea, na nakuomba usimkasirikie. Mume aliyetoa talaka moja ana haki ya kumrejea mkewe ndani ya eda, na katika madhehebu yetu rejea hiyo huwa kwa tamko lake, hata kama mke hayuko mbele yake wala hajaridhia. Sasa fikiri: umeolewa, umehamia kwa mume mpya, kisha yule bwana anashuka kutoka Qatar na watu wawili wanaoapa kwamba alikurejea katika mwezi wa pili wa eda. Utafanya nini? Mume mpya atafanya nini, na mtoto aliye tumboni? Ndiyo maana Mola wetu, alipotaja katika Suratut-Talaq, aya ya 2, kuwarejea wake kwa wema au kuachana nao kwa wema, akaamrisha hapo hapo tushuhudishe watu wawili waadilifu na tuusimamishe ushahidi kwa ajili yake. Na wanazuoni wetu wameandika kwamba mwanamke aliyekuwa na mume anayejulikana, hakimu hamwozeshi mpaka talaka ithibiti kwake.

Nenda basi Mahakama ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya kimempa kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake, na Sheria ya Ndoa ya 2014 imeacha kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu kuhukumiwe kwa sheria ya Kiislamu. Chukua kitambulisho chako, cheti cha ndoa ukiwa nacho, na mashahidi wako wawili. Ushahidi wa ami haukataliwi kwa udugu. Unaokataliwa ni wa mzazi kumfaa mwanawe na wa mwana kumfaa mzazi wake. Mueleze karani kwamba unaomba talaka iliyokwisha kutolewa ithibitishwe, huombi talaka mpya. Ukiyachanganya maneno hayo mawili utapoteza miezi. Mume ataitwa ajibu. Kuwa mbali hakumfungi kadhi mikono. Akikana, mashahidi watasikizwa. Na wakikosekana mashahidi, akaapa, bado mlango wa khului, yaani mke kujikomboa kwa kumpa mume mali, na wa fasakhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, uko wazi kwako.

Ukipewa hukumu, omba nakala iliyothibitishwa na mahakama, uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Utaihitaji kwa nikaha, na siku ya mirathi pia: mume akifa mke akiwa katika eda ya rejea, anamrithi, eda ikishapita, hamrithi. Nimeketi katika matanga ambapo ndugu walitupiana maneno mazito kwa sababu hakuna aliyejua tarehe ya talaka ya marehemu.

Ama dada wa mposaji, hana haki hiyo. Mposaji ana haki ya kujua kwamba huna mume na eda imekwisha, na karatasi ya hukumu yatosha kumwonyesha hayo. Maelezo yaliyotolewa mahakamani, nani alimtukana nani, nani alilala njaa, hayo ni siri za nyumba iliyovunjika, na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana na kusengenyana. Anayepiga picha karatasi za mwenzake na kuzituma kwenye makundi ya simu amebeba dhambi ya kila atakayesoma na kucheka.

Lakini mposaji mwenyewe akikuuliza jambo linalogusa maisha yenu ya mbele, mjibu kwa ukweli, kwa kadiri ya haja. Fatima binti Qays, radhi za Allah ziwe juu yake, alipewa talaka ya mwisho na mume aliyekuwa safarini, habari ikaletwa na wakili wake. Eda ilipokwisha akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtajia kwamba Muawiya na Abu Jahm wamemposa. Mtume akamwambia kwamba Abu Jahm haweki fimbo yake chini kutoka begani, yaani hupiga wake, na Muawiya ni masikini hana mali. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Imepokewa na Imamu Muslim katika mkusanyo wake wa hadithi. Tazama alivyosema: kila mmoja kwa neno moja linalomhusu mwenye kuolewa, basi. Wala hakumuuliza Fatima aliachwa kwa nini.

Nikaha na ingoje hukumu. Mwambie mposaji hivyo mapema, yeye na wazee wake, ili asidhani unamkwepa.

Wallahu aalam.