Kabla hujabandua lebo

Mwanangu,

Umeniuliza kama uzibandue lebo zote kwenye chupa zako za pilipili, kwa sababu wakili wa kampuni kubwa amekuandikia kwamba jina lako linafanana na lao na amekupa siku 7. Usibandue hata moja. Siku 7 amezipanga yeye, si sheria. Ila usinyamaze pia, maana ukimya wako wataubeba hadi Mahakama Kuu wakiomba zuio, yaani amri ya kukukataza kuuza.

Karatasi ya ahadi waliyoambatisha usiitie sahihi. Tazama aya ya pili kwenye picha uliyonitumia: unakiri kosa, unalipa gharama zao, tena unajifunga usitumie neno lolote linalokaribiana na lao. Mtego uko hapo.

Barua haitaji namba ya usajili wa alama yao ya biashara, yaani jina au mchoro wa bidhaa zao, na hilo lanitia shaka. Idai. Ukiipata, nenda KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama hizo, iliyoko South C, Nairobi, ulipie upekuzi wa daftari lao. Angalia mwenye alama ni nani, aliomba lini, na kama usajili ungali hai. Hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Halafu soma orodha ya bidhaa neno kwa neno. Bidhaa na huduma husajiliwa kwa makundi yenye namba: sosi ya pilipili iko kundi la 30, achari kundi la 29, huduma za hoteli kundi la 43. Aliyesajili hoteli hajanunua neno zima la Kiswahili, ingawa alama maarufu sana hulindwa kupita bidhaa zake, kwa hiyo usishangilie mapema. Tafuta pia kanusho: pengine kilichosajiliwa ni mchoro, na neno la kawaida lililo ndani yake limeachiwa kila mtu.

Kisha tarehe zako. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, humlinda aliyetumia jina mfululizo tangu kabla mwenzake hajalitumia wala kulisajili. Kusanya risiti za aliyekuchapia lebo, taarifa za M-Pesa na picha zenye tarehe. Cheti cha jina la biashara cha eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, usikitegemee; hicho si usajili wa alama, na wengi huteleza papo hapo.

Jibu kwa barua, si kwa simu, wala usiwaseme kwenye status ya WhatsApp. Mistari minne yatosha: nimepokea barua yenu, nipeni namba ya usajili na orodha ya bidhaa, nahitaji siku 21 kuzichunguza, sikubali kosa lolote na haki zangu zote nazihifadhi. Neno "samahani" lisionekane. Hakikisha pia wakili huyo yumo katika orodha ya Chama cha Mawakili.

Ikiwa kweli wamekutangulia na bidhaa ni zile zile, badilisha jina; kesi itakula zaidi ya lebo. Omba miezi 6 ya kumaliza zilizochapwa, bila fidia. Jina jipya lipekue kwanza, ulisajili, na likishatangazwa kwenye jarida la KIPI kuna siku 60 za pingamizi.

Chupa moja yenye lebo ya kwanza kabisa usiiuze. Iweke kabatini pamoja na risiti yake.

Mamako