Re: D4D haiwaki baada ya kubadilisha filta ya dizeli

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umeweka filta mpya kwenye Hilux D4D (injini ya dizeli ya Toyota), stata inazungusha vizuri ila injini haishiki, na fundi anataka kulegeza nati za paipu za nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) ili atoe hewa.

Mzuie. Huo ni utaratibu wa pampu za zamani. D4D ni komoni reli, yaani nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa; ikiwa inafanya kazi presha huweza kupita ba (kipimo cha presha) 1,000, na dizeli ya namna hiyo hutoboa ngozi, hata ukiwa na glavu. Kidonda huwa kama cha sindano, mwanzoni hata hakiumi, ila mtu anaweza kupoteza kidole. Ikitokea, hospitali saa hiyo hiyo.

Anza na pampu ya mkono juu ya filta. Bonyeza mpaka iwe ngumu kama jiwe. Haiwi ngumu? Basi inavuta hewa: angalia oringi (pete ya mpira) ya filta (ya zamani mara nyingi hubaki imenasa juu) na klipu za mipira ya dizeli.

Halafu, filta uliijaza dizeli kabla ya kuifunga? Mimi niliwahi kuijaza dizeli kwa kutumia chupa ya maji, kupitia tundu la katikati, yaani upande wa dizeli iliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo uchafu wa chupa ukapita bila kuchujwa. Nozeli mbili zikaanza kugonga wiki ile ile. Siku hizi naifunga kavu, baada ya kuosha na kupuliza eneo lote.

Ikiwaka, uvujaji tafuta kwa kipande cha boksi, siyo kiganja.