Maswali ya Wasomaji: Kifafa, Saumu na Bahari

SWALI: Asalam aleykum. Mwanangu ana miaka 14, anameza dawa ya kifafa, kabamazepini, ya miligramu 200 asubuhi na jioni, na tangu mwaka jana hajaanguka. Ramadhani inakaribia, naye ameshikilia kufunga. Tena hutoka na wenzake kuogelea. Nimruhusu? Jirani naye ananionya nisiguse povu linalomtoka mdomoni akianguka, eti huambukiza. – Mama, Shela, Lamu

JIBU: Waaleykum salaam, mama. La povu tulimalize: ni mate tu, mtu hawezi kuyameza akiwa anatikisika. Yakiwa na damu, ameuma ulimi. Hakuna cha kuambukiza.

Kuhusu saumu, muoneni daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na mtoto asilione hilo kuwa aibu. Akikubaliwa kufunga, piga hesabu ya saa. Lamu iko karibu na ikweta, basi futari haiendi mbali na saa 12:30 jioni mwaka mzima. Akimeza kidonge hapo, kisha kingine kwenye daku saa 10:30 alfajiri, usiku atapata pengo la saa 10 na mchana la saa 14. Mwisho wa hizo 14, yaani alasiri kuelekea magharibi, ndipo dawa inapokuwa chache mwilini. Muulize daktari kama kidonge kile kinachotoka polepole kitamfaa zaidi. Hicho humezwa kizima, hakisagwi wala kutafunwa. Msiruke dozi, na msiache dawa ghafla: kifafa kinaweza kurudi kwa mfululizo, mtoto asizinduke kati ya mshtuko mmoja na mwingine.

Kukesha kunatutia wasiwasi kuliko njaa. Tarawehe, halafu baraza hadi daku, kesho yake kijana amelala kwa muda wa saa tatu tu. Ubongo uliokosa usingizi huanguka hata dawa ikiwa imemezwa sawasawa. Alale mapema, aamshwe kwa daku, arudi kulala.

Na juisi ya balungi kwenye futari, muepushe nayo. Balungi huzuia mwili kuivunja kabamazepini, dawa ikazidi: atayumba, ataona vitu viwili viwili. Eritromisini, dawa ya kuua bakteria ambayo watu hununua dukani kwa kikohozi, hufanya vivyo hivyo.

Baharini asiende peke yake kamwe. Awe na mtu mzima anayejua kuogelea na anayejua hali yake, na ndani ya mashua avae jaketi la kuokolea. Kupanda mlingoti au mnazi, hapana. Akishikwa majini, inueni uso wake juu ya maji, mtoeni, kisha apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu huenda maji yameingia mapafuni.

Nchi kavu, tazama saa kwanza. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitambaa chini ya kichwa, mtikiso ukipungua mgeuze ubavu. Usimbane, usimtie kijiko mdomoni, meno huvunjika. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Kutoka Shela hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni boti, na usiku boti haipatikani kwa kupiga kelele ufukweni. Weka namba ya nahodha kwenye simu tangu sasa.

SWALI: Baba alikufa ganzi mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande. Baada ya dakika 20 akawa sawa. Tungoje? – Msomaji, Malindi

JIBU: Msingoje. Huenda damu ilizibwa njia ubongoni kwa muda, na siku 2 za mwanzo ndizo za hatari zaidi ya kiharusi kamili. Apelekwe leo hii apimwe presha, sukari, mapigo ya moyo na picha ya kichwa. Dalili zikirudi, asipewe hata maji, yanaweza kumpalia. Aspirini ya kubahatisha nayo muiache: mshipa ulioziba na uliopasuka haujulikani kwa macho. Andikeni saa dalili zilipoanza. Daktari ataiuliza kabla ya yote.