Geyserville ya 2011 bado inanyweka? Maswali yenu kuhusu Zinfandel na kiwanda cha Ridge

Mara iliyopita niligusia kwamba Zinfandel, zabibu nyekundu iliyoipatia California umaarufu, inaweza kutoa mvinyo wa kukaa chupani miaka kumi na kuendelea, na nikatoa mfano wa Ridge, kiwanda cha mvinyo cha California. Maswali yamemiminika. Nimechagua haya.

Shemeji yangu anayeishi San Jose ameniletea chupa ya Ridge Geyserville ya 2011. Jirani ananicheka, anasema Zinfandel hunywewa ikiwa changa. Nimechelewa? – Msomaji, Arusha

Hujachelewa, ila usiendelee kungoja. Jirani yako hajakosea sana. Zinfandel nyingi hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka mitatu minne: matunda tele, kileo cha asilimia 15 au zaidi, asidi haba. Ukiiweka hiyo, matunda yanaondoka na unabaki na kileo kinachochoma koo. Geyserville, mvinyo unaobeba jina la shamba lake, si ya kundi hilo; sababu nitaieleza kwenye jibu linalofuata. Isitoshe, 2011 ulikuwa mwaka wa baridi huko Sonoma, eneo la California inakotoka, na mvua za Oktoba ziliwakuta wakulima wengi bado wana zabibu shambani. Mwaka wa namna hiyo hutoa mvinyo mwembamba kidogo, wenye ukali wa asidi. Ukiwa mchanga watu huulalamikia. Ukizeeka ndio huo wanaoutafuta.

Siku moja kabla ya kuufungua, simamisha chupa wima ili machicha yatulie chini. Kizibo cha umri huo huwa kimelowa na kinakatika ovyo, kwa hiyo zungusha kifungulio polepole, uvute bila papara. Kisha mimina kwenye jagi, ukiwa umewasha tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Mvinyo utapita mwekundu na safi mpaka ghafla uone uzi mweusi wa machicha unajongea shingoni. Acha hapo hapo, hata kama kimebaki kiasi cha nusu glasi.

Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe utazame ukingo wake. Mvinyo mchanga huwa wa zambarau mpaka pembeni, lakini wako utakuwa umeanza kuvaa rangi ya tofali. Harufu za forosadi na pilipili manga zitakuwa zimepungua, na mahali pake utakuta tini kavu, tumbaku, na ngozi ya kiatu kizuri. Ukisikia siki au boksi lililolowa, hiyo imeharibika. Usiuache kwenye jagi jioni nzima. Mvinyo mzee ukipigwa na hewa mno hufifia.

Mbona kwenye lebo hakuna neno Zinfandel kwa herufi kubwa, wakati kila mtu anaiita hivyo? – Msomaji huyo huyo

Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 75 ya mvinyo itokane na aina ya zabibu inayotajwa kama jina lake. Geyserville mara nyingi haifiki hapo. Shamba la Geyserville ni la zamani na lilipandwa mchanganyiko wa aina za zabibu: Zinfandel, Carignane, Petite Sirah, Alicante Bouschet, Mataro. Ridge wamekuwa wakitengeneza mvinyo huu tangu 1966, na badala ya kulazimisha asilimia zitimie, wanaandika jina la mahali na kuorodhesha kila zabibu kwa kiasi chake.

Kwangu mimi, siri ya kuzeeka iko hapo. Zinfandel peke yake ina ngozi nyembamba na tanini laini (tanini ndiyo ule ukakasi unaokausha ulimi). Petite Sirah inaipa rangi na uti wa mgongo, Carignane inaipa asidi. Anayekuuzia Zinfandel tupu kwa bei kubwa eti uitunze miaka ishirini, muulize kwanza ndani ina nini.

Hao Ridge ni nani hasa? – Msomaji, Nairobi

Mwaka 1885 daktari mmoja Mwitaliano wa San Francisco, Osea Perrone, alinunua ardhi karibu na kilele cha mlima wa Monte Bello, kusini mwa jiji hilo, akachonga matuta na kujenga kiwanda cha mawe. Mvinyo wa kwanza ukatoka 1892. Baadaye mahali pale palitelekezwa. Mwaka 1959 watafiti wanne wa taasisi ya utafiti ya Stanford walinunua shamba la zabibu kwenye mlima huo kama mahali pa kupumzikia na familia, wakatengeneza mvinyo kidogo wa kujifurahisha, wakaona ni mzuri kuliko walivyotarajia. Kiwanda kikafunguliwa rasmi 1962, na Zinfandel yao ya kwanza ni ya 1964.

Mtengeneza mvinyo wao mashuhuri, Paul Draper, aliingia 1969. Hakuwa na shahada ya utengenezaji mvinyo; alisomea falsafa, na alikuwa amefanya kazi hiyo Chile. Msimamo wake ulikuwa kuingilia kidogo iwezekanavyo: hamira ya asili iliyo kwenye zabibu zenyewe, mapipa ya mwaloni wa Marekani badala ya Ufaransa. Alistaafu 2016. Tangu 1986 kiwanda ni mali ya kampuni ya Otsuka ya Japani, na sioni kama mvinyo umeharibika kwa sababu hiyo. Umaarufu wao mkubwa hautokani na Zinfandel bali na Monte Bello, mvinyo wa mlima ule, unaotokana na zabibu nyekundu ya Cabernet: ile ya 1971 ilishika nafasi ya tano kwenye shindano la Paris la 1976, lililopambanisha mvinyo wa California na wa Ufaransa, na waliporudia mwaka 2006, chupa zikiwa na miaka thelathini na ushei, ikawa ya kwanza.

Nyuma ya chupa yao nimeona orodha ya viambato. Ni lazima kisheria? – Msomaji, Dar es Salaam

Marekani hailazimishi. Ridge walianza wenyewe na mavuno ya 2011. Utasoma zabibu, hamira ya asili, salfa kidogo, wakati mwingine maji au chokaa ya kurekebisha asidi. Wengi katika biashara hii wasingependa kuanika yao.

Mizabibu ya miaka mia kweli ipo, au ni maneno ya wauzaji? – Msomaji, Kampala

Ipo. Kwenye shamba la Geyserville kuna kipande chenye mizabibu iliyopita miaka 130, mashina manene yaliyojikunja, yasiyofungwa kwenye waya. Lakini usemi “mizabibu mikongwe” kwenye lebo hauna tafsiri ya kisheria Marekani, kwa hiyo tafuta jina la shamba.

Iliponaje ni kisa kingine. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, familia ziliruhusiwa kujitengenezea mvinyo nyumbani, takriban lita 750 kwa mwaka, na zabibu zikasafirishwa kwa treni mpaka miji ya mashariki. Baadaye, miaka ya 1970, kiwanda cha Sutter Home kilipata mvinyo wa Zinfandel wa rangi ya waridi wenye utamu baada ya uchachukaji kugoma katikati. Wanywaji wa mvinyo walio makini waliudharau, lakini uliuzika mno, na wakulima wengi wakaacha kung’oa mizabibu yao.

Zinfandel asili yake ni Marekani? – Msomaji, Muscat

Hapana. Mwaka 2001 vipimo vya DNA vya Carole Meredith wa chuo kikuu cha Davis na wenzake wa Zagreb vilionyesha ni ile ile Crljenak Kaštelanski ya pwani ya Kroatia. Primitivo ya Italia ni hiyo hiyo pia.

Nyumbani kwangu joto halishuki chini ya nyuzi 27. Naweza kuweka chupa kama hizo? – Msomaji, Mombasa

Miezi michache tu, zaidi ya hapo utaipika. Nyuzi 13 ndizo zinazofaa. Friji ya kawaida ni baridi na kavu mno kwa miaka, ila inavumilika kwa miezi, chupa ikiwa imelazwa mbali na mlango. Siku ya kunywa, itoe saa moja kabla, uiache ifike nyuzi 17 hivi, na ule na mbuzi wa kuchoma asiye na pilipili. Ikiwa friji imejaa, alika watu wiki hii.