Kwaya ya Missa Luba haikutoka msituni

Kwa @aliyeuliza kama wale watoto walioimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za Kongo, walitoka kwenye msitu wa mvua: hapana. Kwaya yao, Les Troubadours du Roi Baudouin, ilikuwa ya Kamina, Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), na kule ni savana. Msitu wa mvua wa Kongo, wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua ya kitropiki duniani baada ya Amazon, uko kaskazini zaidi, kwenye ikweta. Kwaya iliundwa na padre Mbelgiji, Guido Haazen, na mwaka 1958 ikazunguka Ulaya. Anza na Sanctus, sehemu ya misa ya "Mtakatifu": maneno ni Kilatini kitupu, ila mtindo ni wa wimbo wa kuagana wa Bena Lulua, watu wa Kasai huko huko Kongo. Na mwanzoni hawakuwa na nota zilizoandikwa, sehemu kubwa walibuni wakiimba! Mimi hapo ndipo huvua kofia.