Uliza Shangazi: Chumba cha Chini ya Bwawa, Tukichukue?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mwenzangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tumepanga kupumzika siku mbili kwenye hoteli butiki, yaani hoteli ndogo yenye vyumba vichache na mtindo wake wa pekee, iliyo katikati ya jiji, zile zenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Picha zake zimeniteka. Wanatushawishi tuchukue chumba cha ghorofa ya juu kabisa, chini tu ya bwawa, eti ndicho kizuri kupita vyote. Shida ni kwamba usingizi wangu ni mwepesi mno, na mume wangu hajui kuogelea. Tukichukue? Na niulize nini kabla sijatoa pesa?
Msomaji, mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Chumba hicho kikatae. Nimekaa mapokezi ya hoteli sehemu kubwa ya ujana wangu, na walioniomba kuhama usiku wa manane wengi wao walikuwa wamelala chini ya bwawa. Pampu husukuma maji kwenye chujio kwa saa nyingi, na mngurumo wake hushuka kupitia zege hadi kitandani. Halafu kuna viti. Alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala, mhudumu huburuta vile vitanda vya kujilaza ili apige deki, na kila mguu unakwaruza juu ya kichwa chako. Omba ghorofa mbili tatu chini yake, mbali na lifti. Mandhari hamtaikosa, mtaifaidi mkipanda juu.

Uliza pia nani anaruhusiwa kupanda huko. Kuna hoteli ambazo jioni ikiingia paa hugeuka baa ya yeyote anayetaka, na mgeni aliyelipia chumba anakosa hata pa kukaa. Bwawa linafungwa saa ngapi? Watu wa nje wanaanza kuingia saa ngapi? Siku zenu kuna sherehe au matengenezo? Wakujibu kwa maandishi, maana ya kwenye simu husahaulika.

Sasa bwawa lenyewe. Litakuwa dogo kuliko ulivyoliona pichani, kwa sababu mpiga picha huchuchumaa ukingoni na lenzi pana hadi kidimbwi kionekane ziwa. Lakini udogo huo una sababu ya msingi: mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.2, limebeba zaidi ya tani 38 za maji, na mzigo wote huo unategemea nguzo za jengo. Ndiyo maana mengi hayana kina kirefu. Kwa mume wako hiyo ni nafuu, ila asijiamini kupita kiasi, kwa kuwa hoteli ndogo mara nyingi hazina mwokoaji. Asome kina kilichoandikwa ukingoni, ashuke kwa ngazi, na asiingie majini wewe ukiwa chumbani. Kama mnakunywa, vinywaji vije baada ya kuogelea.

Kabla hamjaingia, simameni ukingoni mtazame chini. Msipoliona vizuri tundu la kutolea maji sakafuni, ahirisheni. Ile harufu kali ambayo wengi huidhania usafi ni ya klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa halichomi pua. Upepo wa huko juu nao hupoza maji upesi, basi uliza kama yanapashwa moto.

Hoteli butiki zilivuma tangu miaka ya 1980, na Morgans ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1984 na Ian Schrager na Steve Rubell, hutajwa miongoni mwa zilizofungua njia. Raha yake ni kwamba mara nyingi vyumba havifanani. Kwa hiyo picha iliyokuteka huenda si ya chumba chenu. Omba picha ya chumba mtakacholala, kwa namba yake, kisha uangalie bafu. Wabunifu wanapenda sana ukuta wa kioo kati ya kitanda na choo, mara nyingine bila mlango. Mimi siupendi hata kidogo. Wanandoa wa miaka 10 nao wanahitaji faragha ya choo.

Mwisho, waandikie siku kadhaa kabla kwamba mnaadhimisha ndoa yenu, msingoje mpaka mfike. Hoteli yenye vyumba vichache husoma maombi ya mgeni mmoja mmoja, na meneja akijua mapema anaweza kuwawekea chumba kizuri, chenye utulivu, kabla hakijapewa mwingine.