Makabati ya jikoni: pesa iende panapofika maji

Maswali ya makabati ya jikoni kutoka kwenu wa Mwanza na jirani yamejaa. Nimechukua saba yanayojirudia. La kwanza ndilo la wengi: pesa ni kidogo, nianzie wapi? Msimamo wangu mtauona mapema, na najua mafundi wa milango ya kung'aa hawataupenda.

Shikamoo dada. Nimemaliza nyumba ya vyumba viwili Igoma, na nina laki tisa tu kwa ajili ya jiko. Ukuta ni mmoja, wa mita tatu. Fundi wa kwanza anasema nipige MDF, wa pili anasema aluminiamu, na baba mkwe anasema mbao ndiyo mbao. Nimsikilize nani? (Mwalimu, Igoma)

Marahaba mwalimu. Baba mkwe usimbishie mbele za watu, lakini naye muulize: mbao gani, na imekauka?

Tuanze na MDF. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ndugu yake ni chipubodi, ambayo ni vipande vidogo badala ya unga. Zote mbili zimenyooka, hazipindi, na rangi inakaa vizuri. Ugonjwa wao ni maji. Zikinywa maji kwenye ukingo zinavimba, na zikishavimba hazirudi hata ukizianika juani wiki nzima. Sasa fikiria sisi tunavyodeki: ndoo, tambara, na maji yanatiririka mpaka chini ya kabati. Ndiyo maana makabati mengi hufa kuanzia miguuni huku milango ya juu ikiwa bado mipya. Kabla hujanunua, omba kipande kilichobaki dukani, kichovye kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, asubuhi ukipime. Utajua unachonunua kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Mbao. Sisi wa huku tuna bahati ya paini ya karibu, kuna mashamba ya miti ya Buhindi kule Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe. Bei yake huwa inavumilika ukilinganisha na mninga. Tatizo ni kwamba mara nyingi inauzwa mbichi. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi utanyooka siku ya kukabidhiwa, kisha utapinda ukikauka. Shika ubao: ukiwa mzito kupita kiasi na una ubaridi, bado una maji. Na zile zenye rangi ya kijani ni za dawa, kazi yake ni paa. Usizitumie ndani ya kabati la vyombo na unga.

Aluminiamu haivimbi wala mchwa hawaigusi, na kwa nyumba yenye mchwa ningeitazama kwa makini. Lakini fremu ndiyo aluminiamu. Ile paneli ya katikati ni nini? Wengine wanatia bodi ya kawaida iliyofunikwa karatasi, na hapo umerudi kwenye ugonjwa ule ule kwa bei ya juu. Muulize fundi akuonyeshe paneli kabla haijakatwa.

Ningekuwa mimi na laki tisa, nisingenunua kabati la chini kabisa. Ningelijenga. Kuta fupi za tofali zenye kina cha sm 60, juu yake slabu ya zege yenye nondo, unene kama sm 8, kisha tailizi. Ndani unapiga plasta laini na rangi ya mafuta. Slabu uilowanishe kila siku kwa wiki nzima, na usimruhusu fundi atoe mbao za kushikilia mapema kwa sababu anazihitaji kwenye kazi nyingine. Baada ya hapo unachonunua ni fremu na milango tu, na hata milango inaweza kusubiri: pazia zuri la kitenge halijawahi kumwaibisha mtu. Makabati ya juu yaje mwakani.

Urefu wa kaunta, pima kwa mpishi. Akunje kiwiko, kaunta ikae sm 10 hadi 15 chini yake. Kwa wengi inaangukia kati ya sm 85 na 90 kutoka sakafuni.

Fundi anataka nimnunulie bodi sita kwa makabati ya chini ya mita tatu, na nitangulize asilimia 80 ya pesa ya ufundi. Ni sawa? (Mkolani)

La pili si sawa. La kwanza tulipigie hesabu.

Bodi ya kawaida ni futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya upana wa takriban sm 60, ambao ndio kina cha kabati la chini. Kila kipande kinatoa kuta tatu za kimo cha sm 72. Kwa hiyo bodi moja inatoa kuta sita. Mita tatu zikigawanywa vyumba vitano vinavyochangia kuta zinahitaji kuta sita hizo hizo. Bodi ya pili inatoa sakafu ya kabati yote na kubakiza kipande cha karibu mita mbili, cha rafu tatu hivi. Bodi ya tatu ni milango: inatoka sita, wewe unahitaji mitano. Hapo ni bodi tatu za milimita 18, na bodi nyembamba ya mgongoni. Ukitaka droo na rafu zaidi, ya nne ina maelezo, hata ya tano. Sita? Mwambie akuchoree kila bodi anaikataje. Fundi mzuri hakasiriki kuombwa mchoro, maana anao tayari.

Ukipata duka linalokata kwa mashine na kubandika mkanda wa kingo, lipa hiyo gharama. Msumeno wa mkono unachana ukingo, na ukingo uliochanika ndio mlango wa maji. Kingo zisizoonekana, za chini na za nyuma, zipakwe rangi ya mafuta au vanishi. Hapo ndipo mafundi wengi huacha kwa sababu hakuna atakayeinama kuangalia. Wewe inama.

Vifaa nunua mwenyewe, udai risiti ya EFD. Pesa ya ufundi igawe: kidogo siku ya kuanza, sehemu kubwa fremu ikishasimama na kupimwa kwa pima maji, na iliyobaki milango ikishafungwa na kufunguka bila kugusana. Mkishakubaliana, mtumie ujumbe wa WhatsApp wenye vipimo, bei na tarehe, yeye ajibu "sawa". Na akikutajia bei kwa mita, uliza ndani yake kuna nini. Kaunta imo? Bawaba na vitasa? Usafiri? Kufunga? Bei mbili zinazofanana zinaweza kuwa na tofauti kubwa kwenye majibu hayo manne.

Nakaanga sato na kuuza nyumbani, samaki nachukua Mwaloni. Kila siku kaunta ina magamba, chumvi na ndimu. Niweke granaiti, terazo au tailizi? (Mama wawili, Kirumba)

Mama, mji wetu umekaa juu ya granaiti, tunaiponda kokoto kwa nyundo kila kilima, halafu tunakwenda dukani kununua granaiti iliyong'arishwa. Ni nzuri kweli. Haichubuki kwa kisu wala haiogopi sufuria ya moto. Ila kwa bajeti ndogo itakula pesa ya jiko zima.

Terazo ningekukataza. Kinachoishikilia ni saruji, na mara nyingi ndani yake kuna vipande vya mawe ya chokaa. Ndimu na siki vinakula vyote viwili. Baada ya muda pale unapokamulia patakuwa na madoa yasiyotoka.

Kwako wewe tailizi inatosha, lakini chukua porselini ya sakafuni, si zile nyepesi za ukutani zinazopasuka ukiangusha mchi. Chukua kubwa kadiri unavyoweza. Udhaifu wa tailizi uko kwenye maungio: ndiko damu ya samaki inakoingia, na ndiko harufu inakokaa. Vipande vikubwa, maungio membamba, na kijazio cha maungio kisichopitisha maji. Mwambie fundi aache mteremko mdogo kuelekea sinki na ainue ukingo wa mbele kidogo, ili maji ya magamba yasikudondokee miguuni. Pembeni mwa sinki apitishe silikoni, nawe uifanyie upya ikianza kuachia. Kama una kabati la bodi chini ya sinki, mstari huo wa silikoni ndio unaolilinda.

Mtungi wa kilo 15 unaweza kukaa ndani ya kabati? Mke wangu hapendi kuuona. (Nyegezi)

Usiufungie ndani ya kabati lililozibwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya chini, humo humo kabatini, ikisubiri mtu awashe kiberiti. Mahali pazuri ni nje ya ukuta, kwenye kizimba chenye kivuli na kufuli, na mpira unapita ukutani. Ikishindikana kabisa, basi kabati hilo liwe na matundu makubwa yanayopeleka hewa nje usawa wa sakafu, lisiwe na soketi wala waya wa umeme ndani, na mpira usipite karibu na moto. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga. Mpe wifi salamu, mwambie kizimba cha nje naye hatakiona.

Niko Nansio. Ni nafuu kutengenezesha Mwanza nikasafirisha kwa meli, au nitafute fundi huku? (Ukerewe)

Kama ni mbao, tengenezea huko huko. Paini ya Rubya iko jirani yako, kuivusha kwenda Mwanza na kuirudisha ikiwa kabati ni kulipa nauli mara mbili.

Kama ni bodi, zikatwe Mwanza kwa mashine, zitobolewe, zisafiri zikiwa bapa na zifungwe zikifika. Kabati lililokwisha kuunganishwa linakula nafasi, na kona zake zinagongwa bandarini. Kona zizungushie maboksi, zote zifunikwe nailoni, kwa sababu rangi ya ukingo haisaidii bodi iliyolowa gatini kabla hata haijafika kwako. Ukuta pima chini, katikati na juu, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Nyumba zetu kona hazina nyuzi tisini. Ukitaka uhakika, weka alama sm 90 upande mmoja wa kona na sm 120 upande wa pili: kati ya alama hizo pakiwa na sm 150, kona iko sawa. Kaunta usiisafirishe, imwagwe huko.

Watu wa Sengerema wao siku hizi wamewazidi. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, gari la fundi linatoka Mwanza mpaka mlangoni kwao bila kusubiri kivuko.

Mimi ni mpangaji Buzuruga. Niweke makabati? (Kijana wa chumba na sebule)

Usipigilie kitu kwenye ukuta wa mtu. Tafuta meza ya fremu ya chuma yenye rafu chini na kabati moja la kusimama, vyote vinavyopita mlangoni. Pima mlango kabla ya kununua, na upime ngazi pia kama uko mojawapo ya nyumba zetu za mlimani. Ikiwa mwenye nyumba anasema weka, tutakata kwenye kodi, aandike kiasi na miezi, asaini.

Makabati yangu ya juu yameanza kuachia ukuta, na milango ya chini inagusana. Hata mwaka haujaisha. (Isamilo)

Dada, anza na ya juu leo, kabla ya kumaliza kusoma. Toa vyombo vyote. Angalia skrubu zimepita wapi. Mara nyingi utakuta zimepita kwenye ile bodi nyembamba ya mgongoni, ya milimita tatu au nne, na sahani za udongo zinaing'oa polepole. Skrubu zinatakiwa zipite kwenye ubao mnene ulio mlalo ndani ya kabati, juu na chini, ziingie kwenye plagi za skrubu ndani ya tofali lenyewe, si kwenye plasta wala kwenye ungio la tofali. Misumari haifai hapa. Kama ukuta ni wa tofali laini linalotoa vumbi ukilichimba, mwambie fundi afunge ubao mmoja mrefu ukutani wenye skrubu nyingi, makabati yakalie juu yake, na vyombo vizito vihamie chini.

Milango inayogusana si lazima iwe imeharibika. Fungua mlango utazame bawaba, zile zenye kikombe cha duara. Zina skrubu za kurekebishia: kwa kawaida moja inasukuma mlango kushoto na kulia, nyingine inauvuta ndani au nje, na zile zinazoshika bamba la bawaba kwenye ukuta wa kabati ukizilegeza mlango unapanda au kushuka. Zungusha robo duara, funga, tazama, zungusha tena.

Skrubu zikizunguka bila kukaza, tundu limepanuka. Toa bawaba, jaza tundu kwa njiti za mbao zilizopakwa gundi, acha zikauke usiku mzima, zikate usawa wa bodi, funga upya. Bodi ikiwa imevimba pale, usipoteze gundi. Hamisha bawaba sm kama 8 kwenda juu, toboa kikombe kipya cha milimita 35 kwenye sehemu kavu, kisha utafute maji yanatokea wapi.